Mwenye Nyumba Hayupo

Bi Eulogia Bevacqua alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja
katika shule moja ya Boedo, kisha akastaafu.
Bikari hakuirudisha.
Kwa bikari hiyohiyo alichora duara la kuzaliwa kwangu
juu ya karatasi ya kufungia tambi,
akalikata vipande kumi na viwili kama piza ya Ijumaa.

Nilikuja na swali moja. Mimi ni fundi wa vitasa,
kwangu mlango unafunguka au haufunguki.
Nikauliza: nyumba ya saba, hii ya ndoa, mbona tupu?
Hamna sayari, hamna hata vumbi.
Na mimi nimeoa mwaka wa tisa huu.

Alicheka mpaka paka akashuka dirishani.
"Tupu si ukiwa, Fermín.
Mimi nakaa ghorofa ya tatu, mwenye nyumba yuko Rosario,
uso wake siujui,
lakini kila miezi mitatu kodi inapanda
na nyama inapungua kwenye sufuria yangu.
Akiumwa jino kule, bomba la huku halitengenezwi.
Sasa niambie: hayupo?
Usihesabu viti vilivyomo ndani.
Uliza hati iko kwa nani,
na huyo mwenye hati kalala wapi leo."

Basi tukamsaka, kama wadai.
Mlango wa saba una jina la Mizani; Mizani ni mali ya Zuhura.
Kidole cha mwalimu kikaondoka hapo,
kikapita nyumba ya mauti bila kusalimu,
kikapita safari, kazi, marafiki,
kikasimama ya kumi na mbili.

"Nyumba ya siri," alisema. "Ya magereza, ya hospitali,
ya watu wanaofanya kazi wenzao wakikoroma.
Ila tazama, kapanga kwenye Hutu,
na huko Zuhura hutandikiwa zulia.
Kule anakoishi wanamheshimu
kuliko unavyomheshimu wewe."

Sikujibu. Nikageukia nyumba ya kwanza, yangu mwenyewe:
Hamali, na bwana wake Mirihi,
mwenye chuma, mwenye tupa na bisibisi.
Kumbe kaketi Saratani, nyumba ya nne, nyumbani hasa,
lakini kaanguka, alisema, kama askari aliyeachiwa jiko:
kuvunja anajua, kuinjika hajui.
"Na yeye kodi anamlipa nani?"
"Mwezi. Mwezi yuko Jadi, anamlipa Zuhali.
Mwenye nyumba naye mpangaji, mwanangu.
Juu kule hakuna akaaye bure."
Habari za Zuhali hakutaka kuzisema.
Alimimina chai chungu, akanisukumia mrija.

Ondina ni dobi wa hospitali, zamu ya usiku,
chini ya ardhi, kwenye mashine za shuka.
Mimi natoka alfajiri, yeye alfajiri anaingia.
Tunaachiana vikaratasi kwenye friji:
mkate umeisha; gesi; mama yako alipiga simu.
Mto wake unanukia klorini.
Hilo ndilo nililoliita utupu.

Sidai kwamba nyota zilinituma.
Nimevunja vitasa vingi kwa amri ya mahakama,
wenyewe wamesimama ngazini na magodoro,
najua karatasi husema lolote ikigongwa muhuri.
Lakini usiku ule nililipita basi la kwetu, nikapanda lingine.

Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa na kitasa cha kizamani,
sekunde arobaini kwa mkono wangu.
Nikabisha.
Ulitoka mvuke kwanza, kisha yeye,
vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni.
Akanitazama. Akalitazama begi la zana.
"Umepoteza funguo?" aliuliza.